Milioni Nne za Mashine ya Karata

Mbele ya kibanda cha Usumani, fundi cherehani wa Muhima, kuna benchi lisilokosa watu tangu Raihana, muuza kahawa, ateremshe birika asubuhi. Jumanne ile Usumani hakugusa hata sindano. Mfukoni alikuwa na bahasha ya pesa za ovaloki, cherehani ya kufunga kingo za nguo zisifumuke, alizoziweka kwa kujinyima miezi kumi na minne, maana kazi ya sare za shule ilimponyoka kwa sababu ya pindo zilizofumuka. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na ukumbi wa mashine za karata. Juu ya mlango, namba nyekundu zilishapita faranga milioni nne. Watu wakicheza wakakosa, namba inapanda. Atakayepata kumi, jeki, kwini, kingi na asi za alama moja anabeba zote.

— Sasa ndiyo saa yake, alisema Niyongabo, dereva wa moto, pikipiki ya abiria, ambaye benchi lilimwita Kaske. Mashine imeshiba ile. Iko karibu kutapika.

— Mashine haina tumbo, alijibu Gakwaya, mwalimu mstaafu wa hesabu, jina la kijiweni Sifuri. Karata hizo tano, kwa wastani, unacheza mara elfu arobaini ndiyo zije mara moja. Elfu arobaini, Kaske!

— Hiyo ni kwa wasiojua. Saa sita jua likiipiga inapata joto, inasahau hesabu. Tena iko na kamera. Ikikuona una shida usoni, inakunyima. Ingia unacheka!

Wakacheka wote, isipokuwa Usumani. Alikuwa akiziona ovaloki kumi zimepangwa ukutani.

— Naenda, akasema, akainuka.

— Fundi, kaa unywe, alisema Raihana.

— Sikai! Mwaka na zaidi nimekuwa mtu wa akili, nimepata nini? Kwani bahati ni ya wenye magari tu?

Mwanamke mmoja aliyekuwa akingojea sketi yake aliweka kikombe chini. Hakuna aliyemjua.

— Samahani, mimi mgeni hapa. Hizo milioni nne, nani alizitia mle ndani?

Sifuri akasema ni za waliocheza wakakosa. Raihana akamtazama Kaske, ambaye pikipiki yake mwenyewe aliiuza mwezi wa tatu, sasa anaendesha ya kukodi, na hakuwahi kusema kwa nini. Kaske akatazama lami.

Usumani alibaki amesimama, mkono juu ya bahasha. Hasira ilikuwa ile ile, ila sasa ilikuwa imeugeukia ule ukumbi.

— Basi, pesa yangu hawaipati, akasema. Kaske, washa pikipiki. Twende Kimironko kwa wauza vyerehani.

— Na hizo milioni zikitoka leo, fundi? aliuliza Kaske.

— Zikitoka leo niiteni mjinga. Niiteni kwa sauti, mtaa mzima usikie. Mtanikuta nashona.

Akapanda nyuma, akamwambia Kaske apite mbele ya mlango wa ukumbi, tena polepole, wamwone vizuri.