Mwalimu Nashon Oyier na Mahindi Yenye Homa

Tarehe 28 Novemba 1969, Mwalimu Nashon Oyier anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kufundisha. Kumi ya mwisho amekuwa nasi katika shule hii ya wasichana hapa Homa Bay, katika maabara iliyopakana na kanisa. Kabla ya hapo alifundisha Lambwe, ambako anasema mbung'o walihudhuria masomo zaidi kuliko watoto.

Waliopita mikononi mwake wanalikumbuka koti lake la kaki, na jinsi alivyotafuna muwa mbele ya darasa kisha akauliza sukari aliyoimeza imekwenda wapi.

Ijumaa moja mwaka 1964, maji ya sukari na hamira ya somo lake yalikuwa yakichachuka katika chupa maabarani. Waumini walipoanza wimbo wa kuikaribisha Sabato, kizibo kikaruka, harufu ya pombe ikaingia kanisani. Jumapili, mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Cephas, akaifunga maabara.

"Mwalimu, tulikupa wasichana uwafundishe, si uwapikie busaa," alisema.

Mtihani wa vitendo wa Kidato cha Nne ulikuwa karibu. Bila maabara wasichana wangeanguka baiolojia, na kadhaa walitaka kusomea uuguzi.

Mwalimu hakubishana. Aliazima chupa mbili za chai za mkewe, Jerusha. Moja akaijaza mahindi yanayochipua. Nyingine, mahindi kama hayo yaliyochemshwa yakapoa. Nafaka ya wimbi hakuigusa, maana kimea chake ndicho kinachopikiwa busaa, na kingeirudisha kesi mwanzo. Siku mbili baadaye akaiita kamati. Mzee Cephas alitia kidole katika mahindi yaliyochemshwa: baridi. Akatia katika yale yanayochipua, akakunja uso.

"Haya yana homa."

"Hata wewe unayo, Mzee. Ikikuishia tutakuja kukuimbia mazishini."

Kamati ilicheka, Mzee Cephas akiwa wa mwisho. Ndipo Mwalimu akaeleza: ndani ya kila seli hai, vimeng'enya huivunja sukari hatua kwa hatua, na nguvu yake hutoka pole pole bila kutuunguza, sehemu yake ndiyo joto hilo. Mahindi yaliyochemshwa bado yana chakula chake, ila moto umeviharibu vimeng'enya, basi hakuna cha kukivunja. Hamira ya chupani nayo ni seli hai iliyokuwa ikivunja sukari; ile pombe ilikuwa mabaki tu ya kazi hiyo.

Jioni hiyo ufunguo ulirudishwa. Wasichana wote walifanya mtihani, na mmoja wao ndiye atakayelishika darasa lake la baiolojia Januari.

Ahsante, Mwalimu. Nenda salama nyumbani kwenu Kisegi, wewe na Jerusha; siku zenu zilizobaki ziwe nyingi na zenye afya. Maabara haitafungwa.