Swali la Sayari na Kombe Lisilo Letu

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Mzee Majidi, mwenyekiti wa bodi. Viongozi wa dini. Walimu wenzangu na wazazi. Wageni wetu mliotoka Sikonge. Nanyi wanafunzi. Wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote hamjambo.

Ratiba inanitaka mimi, mkuu wa shule, nieleze tulivyolitwaa kombe la chemsha bongo ya sayansi, kisha nimkabidhi mgeni rasmi alinyanyue. Mheshimiwa, niwie radhi. Kueleza nitaeleza, ila sidhani kama utalinyanyua.

Wiki iliyopita, katika ukumbi huu huu, tulikuwa sare na wenzetu wa Sikonge, likabaki swali moja: je, sayari inaweza kuzaliwa angani bila nyota ya kuizunguka? Kijana wetu Uwesu akajibu haiwezi. Binti wa Sikonge, Imakulata, akasimama, akasema taratibu: "Inaonekana inawezekana. Zipo zilizozaliwa zikizunguka nyota zikatupwa nje, na huenda zipo nyingine ambazo wingu la gesi lilijikusanya lenyewe gizani, zikatokea. Wataalamu bado wanabishana."

Jaji aliyetarajiwa hakufika, kwa hiyo jaji nilikuwa mimi. Nami fizikia niliisoma enzi ambazo habari hizo hazikusikika. Ningesema tu "umekosa", yakaisha. Lakini mdomo wangu mnaujua. Nikamwambia, "Mwanangu, hata kifaranga kina mama!" Ukumbi ukaangua kicheko. Nani hapa hakucheka? Wapo waliopiga meza. Binti akaketi, sisi tukabeba kombe.

Jumatatu Uwesu akaja ofisini. Nikampa kiti, akakataa. Alikuwa amekwenda kusoma. "Mwalimu," akasema, "yule dada alipatia. Kombe si letu." Nami nikamjibu nini? Nikamwambia, "Uwesu, turubai limeshafungwa na wageni wamealikwa." Hayo ndiyo maneno ya mwalimu mliyemkabidhi watoto wenu. Walimu wenzangu niliwaeleza siku ile ile. Nilidhani tutakula pilau, tutapiga picha, na mambo yatapita.

Leo asubuhi wageni wetu wameingia na debe la asali, wametuletea kutupongeza. Imakulata mwenyewe alilishika upande mmoja. Akanipigia goti: "Shikamoo mwalimu, hongereni sana." Nikaitikia marahaba, nikalipokea debe. Ndugu zangu, mtu uliyemcheka anapokuletea asali, nawe ukaipokea kwa mikono miwili, uso utauweka wapi? Naona aibu. Naiona mbele yenu, na sitaki mtu anifariji.

Nampongeza Uwesu, aliyekubali kushindwa ilhali ameshashinda. Nawapongeza pia walimu wenzangu kwa umoja wetu: tulijua sote, tukanyamaza sote.

Kwa hiyo kombe linakwenda Sikonge. Pilau lipo na litaliwa, ila sherehe ni ya wenzetu, sisi leo ni wa kupakua na kunawisha watu mikono.

Imakulata, mwanangu, sikuiti hapa mbele. Siku ile nilikuaibisha mbele ya watu, inatosha. Kaa hapo hapo ulipo, mimi ndiye nitakayekufuata na kombe lako, nikuombe radhi kila mtu akisikia. Nanyi wengine, tafadhali, msipige makofi.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza. Sasa nipisheni njia, nipite.