Nyigu wa Kidichi

Assalaam alaykum, dada zangu. Leo nlitaka kukaa kimya, lakini mwenzetu aliyezungumza kabla yangu kanigusa.

Mie chuoni nlikuwa nasomea nyigu. Ndiyo, hawa hawa wanaotuuma, chekeni tu. Ndani ya vinasaba vyao mna vipande vifupi vinavyojirudia, kama neno moja linalotamkwa tena na tena. Kwa huyu linarudiwa sana, kwa yule kidogo, na binti hurithi kwa mama na kwa baba. Ukivisoma, unajua katika kiota nani ndugu wa nani, na kama mama ni mmoja au zaidi. Msimu baada ya msimu nliwakusanya Kidichi, shambani kwa mama yangu mdogo, naumwa mpaka uso unavimba. Nikawahifadhi katika friza la maabara mjini.

Sikukuu moja mwalimu wangu alilichomoa friza apate pa kuchomeka birika la wageni wake. Akasahau. Tuliporudi, nyigu wote wameoza. Kikaoni akasema mzembe ni mimi. Nikaondolewa chuoni.

Nnakwambieni, hilo halikuniuma kama la nyumbani. Nlimweleza mama ukweli. Akanitazama, akasema, "Mtu mzima yule, mwanangu, akuzulie kwa lipi?"

Akafa akiamini hivyo. Nikajifungia ndani, hata kuoga nikawa nalazimishwa.

Siku moja mama mdogo akaja kunambia anabomoa banda lake la karafuu, na viota vya zamani vimo darini, kama navitaka. Nikaenda kumridhisha tu. Mlikuwa na nyigu waliokufa zamani, wakavu kabisa. Hapo akili ikanirudi: mdudu akifa vinasaba vyake hukatikakatika, lakini vipande vyangu ni vifupi mno. Huenda vimesalimika.

Mwalimu wa kike wa chuo chengine akanipokea. Vikasomeka, si vyote, ila vilitosha. Shahada nnayo.

Yule mwalimu wangu wa mwanzo nakutana naye sokoni Darajani. Hunisalimia vizuri kabisa. Radhi hajaniomba.

Namshukuru mama mdogo, namshukuru mwalimu yule, na nyinyi mliokuwa mkinigongea mlango nisipofungua. Nnalowaachia ni hili: mtoto wako akikuletea maneno yake, muamini kwanza, kuchunguza baadaye. Mie kaburi la mama nalizuru, namsomea, namuombea dua. Nshachelewa kumfanya auamini ukweli wangu.