Magunia Ishirini Niliyoandika Yamo

Wanachama wenzangu, mmeniuliza kwa nini kila mwaka nang'ang'ania taarifa ya hesabu ya chama isomwe yote, mstari kwa mstari, hata wenye njaa wakininunia. Basi sikilizeni.

Nilifika Rhotia, karibu na Karatu, nikiwa kijana asiyetulia. Nilitoka Tabora kwa treni hadi Dodoma, nikapanda basi la Kondoa lililoharibika mara tatu, na kutoka Arusha nikakaa juu ya lori la saruji. Niliposhuka, mbwa walinibwekea kama wameona mzimu. Kwa kuwa nilikuwa na kidato cha nne, ushirika wa kijiji ulinikabidhi ghala la mahindi.

Ukaja ukame. Wafugaji wa Endulen, kule hifadhini walikokatazwa kulima, wakaja kutafuta chakula. Ng'ombe waliokonda hawana mnunuzi. Mzee mmoja akaniambia, "Rafiki, nipe mahindi. Mvua ikinyesha naleta mitamba." Nikampa yeye na wenzake magunia ishirini. Ndugu zangu, sikula hata punje! Lakini mwisho wa mwaka niliona aibu, nikaandika kwenye taarifa kwamba yamo ghalani.

Mkaguzi akaja, akahesabu.

"Mengine yako wapi?"

"Endulen, mzee."

"Yameota miguu?"

Nikamweleza yote. Akanirudishia karatasi zangu. "Kukopesha bila kamati ni kosa. Kuwasomea wanachama uongo uliotiwa sahihi yako, hiyo ni jela. Sheria inataka taarifa isomwe mbele yao kesho. Utasoma ipi?"

Jioni ile lori la maharage lilikuwa linaondoka, na mimi begi nimeshafunga. Nikasimama nalo barabarani, nikaliacha lori lipite.

Kesho yake nikasoma ya kweli. Mama mmoja akainuka. "Kwa hiyo sisi tunalima, wewe unagawa? Umetuoa?" Mkutano ukaangua kicheko. Kisha akasema, "Lakini kasema mwenyewe. Aende akadai, na wawili wa kamati waende naye, asije akatoroka."

Tulitembea siku mbili. Yule mzee wa Endulen akashangaa. "Mmefuata nini? Mvua si bado?" Hata hivyo yeye na wenzake wakaweka dole gumba, na deni likaandikwa kuwa deni. Mvua iliponyesha, mitamba wakafika mnadani Karatu, wote isipokuwa mmoja aliyeliwa na simba. Huyo nililipa mimi, kidogo kidogo, kwa mshahara wangu.

Nawashukuru wazee wale, mkaguzi, na hasa yule mama. Nilidhani sheria ya hesabu ni ya wezi. Kumbe ni yetu pia sisi wenye huruma na aibu nyingi. Wema wako uandike kama ulivyo, watu wakucheke, kisha deni mlimalize pamoja.

Mwaka uliofuata taarifa yangu ilipita, na miguu ikaanza kuniwasha. Nikamkabidhi mwenzangu ghala, gunia kwa gunia, kamati ikishuhudia. Miji mingine nimeihama alfajiri, kabla mtu hajaamka. Rhotia niliiacha saa sita mchana, watu wamejaa barabarani. Yule mama akaniwekea viazi vya kuchemsha mfukoni, akanisukuma nipande lori.

"Nenda, mwanangu. Hatukudai."