Mzee Theoneste na Wimbo wa Kupimia Kahawa

Tarehe 31 Julai mwaka huu Mzee Theoneste Rwezaura anastaafu, baada ya kukitumikia chama chetu cha msingi cha kahawa hapa Mabira kwa miaka thelathini na mbili. Alianza kama kibarua wa kubeba magunia, akawa mpimaji, na mpaka leo ndiye mtunza ghala. Mizani yake haijawahi kugombana na mkulima. Waliogombana na wakulima ni waimbaji wake.

Maana Mzee ndiye pia mwenye spika ya juu ya ghala, na humo hapigi nyimbo za mtu anayejulikana. Ukimtajia mwimbaji wa redioni anasema huyo ameshashiba wasikilizaji, tuwape wenye njaa. Kila mfanyakazi mpya hupewa flashi na kuambiwa asikilize mara tatu ndipo aseme neno. Mimi nilipewa nilipoanza kazi ya jikoni, mtoto mgongoni. Ndani kulikuwa na kwaya ya kule Ndama iliyorekodiwa uani, na katikati ya wimbo jogoo anawika. Nikamwambia kwa heshima kwamba jogoo ameharibu. Akanijibu kwamba huyo ndiye sauti ya nne. Sasa mwanangu halali bila jogoo. Isihaka wa bodaboda naye alizunguka akiipiga flashi yake siku nzima, abiria wakamuuliza msiba uko wapi.

Lakini mwimbaji ambaye Mzee alimpenda kuliko wote ni Mama Mukashema wa Nyakatuntu, anayepiga enanga, kile kinanda chetu cha nyuzi cha kulaza mapajani. Wimbo wake mmoja Mzee aliufungulia kila siku ya kupima kahawa, mizani ikishakaa sawa. Misimu ikapita. Meneja wetu, Bwana Egbert, akachoka. Akasema wanachama wanataka nyimbo za vijana. Mzee akaomba jambo moja tu: Mama aje apige kwenye mkutano mkuu, wanachama waamue wenyewe. Wasipompenda, spika anaikabidhi.

Mama hakuja kirahisi. Enanga alikuwa ameshaitundika juu ya jiko, akisema hakuna anayemsikiliza. Mzee alimwapia kwamba Mabira nzima inampenda.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Mama akakaa, akagusa nyuzi. Hata hajafungua kinywa, watu wakainuka. Safu ya nyuma, safu ya mbele, mpaka wajumbe wa bodi, wote mlangoni mbio. Tukabaki sisi wa jikoni, Bwana Egbert na tabasamu lake, na Mzee amenywea kama gunia lililomwagwa. Mama akaacha kupiga.

"Theoneste," alisema, "uliniambia wananipenda."

Jibu lilikuja na vumbi. Baiskeli, pikipiki, akina mama na magunia kichwani, wote wanagombea foleni ya mizani. Ulikuwa msimu, na anayechelewa foleni analala na kahawa yake. Waliusikia wimbo wa kupimia, miguu ikaondoka yenyewe. Mkulima mmoja, Mzee Kahigi, alipoambiwa kwamba leo ni mkutano tu, alikasirika kweli.

"Kama hampimi, mbona mnapiga wimbo wetu?"

Wimbo wetu. Mama Mukashema alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge, akaanza upya, na safari hii watu walimsikiliza wamekalia magunia yao. Enanga haikurudi juu ya jiko. Bwana Egbert hajaitaja spika tena, na juzi ameonekana akiomba flashi.

Mzee wetu, asante kwa mizani ya haki na kwa masikio uliyotufungua. Nenda salama nyumbani kwako, migomba ikuzalie mikungu mizito, na majirani wawe na subira. Jogoo tutamtunza.

Ndugu wanachama, kwenye sherehe ya kumuaga, Mama Mukashema atampigia Mzee wimbo ule ule. Akianza, tunawaomba mkae. Siku hiyo hatupimi.