Kisanduku cha "Hasemi" Ambacho Dada Ludovika Hakukijaza

Baba Paroko, Tumsifu Yesu Kristo, wazee wetu shikamooni, majirani zetu Waislamu Asalaam aleikum, ndugu na jamaa wote mliofika hapa Mjimwema katika baridi hii ya Juni, poleni.

Kabla ya yote familia inaomba radhi kwa yaliyotokea kanisani asubuhi, pale mdogo wa marehemu, Makarius Nyoni, dereva wa malori aliyevuka mipaka ya nchi sita bila kupotea, alipopotea kwenye karatasi moja, akasimama mbele ya jeneza la dada yake, akakohoa kwa heshima, na kusoma kwa sauti iliyofika hadi barabarani kwamba marehemu ana umri wa miaka minne, meno yamekamilika, bado anakojoa kitandani. Baba Paroko alimwomba aketi. Ukweli ni kwamba historia hii imeandikwa nyuma ya fomu za watoto zilizobaki nyumbani kwa marehemu, kwa agizo lake mwenyewe, na tarehe zote alizitaja yeye akiwa mgonjwa, kwa sababu hakumwamini Makarius kwa tarehe, na baada ya leo nani atasema alimwonea? Sasa anasoma upande unaotakiwa.

Marehemu Ludovika Nyoni alizaliwa tarehe 14 Machi 1943 kijijini Mpitimbi, mtoto wa tatu wa mzee Fidelisi na mama Suzana, akaanza shule hapo hapo mwaka 1951, akamaliza darasa la nane mwaka 1958, akapata mafunzo ya uuguzi kati ya mwaka 1960 na 1962, na tarehe 2 Januari 1963 akaanza kazi katika kliniki moja ya mama na mtoto hapa mjini Songea. Tarehe 21 Oktoba 1967 alifunga ndoa na Gaspari Mbano, bwana shamba wa tumbaku kule Namtumbo, wakajaliwa watoto wawili, Aidan na Domina, kabla Gaspari hajatangulia tarehe 5 Agosti 1989.

Mwaka 1988 marehemu alipelekwa Dar es Salaam kwa wiki tatu kujifunza kupima usikivu na usemi wa watoto, akarudi na cheti, bunda la fomu, na picha za kuwaonyesha watoto ili wazitaje, yaani treni, friji, na mzungu anayeteleza kwenye theluji. Watoto wa hapa kwetu waliitazama ile theluji wakanyamaza, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angenyamaza, na kwa kuwa chini ya fomu kulikuwa na visanduku vitatu, Anasema, Anasema kwa Shida, na Hasemi, wenzake walitia alama kwenye cha tatu na kuita, "Anayefuata!" Hapo ndipo dada yetu alipoanza kugombana na watu, akisema, "Huyu mtoto hasemi nini? Mmemuuliza theluji!" Alizifungia zile picha kabatini, akaleta jembe, yai, na kuku mzima aliyechafua meza ya mganga wa kliniki, akawaomba akina mama wawaulize watoto wao kwa Kingoni au Kimatengo kama wanavyoulizana jikoni, na nyuma ya kisogo cha kila mtoto akatikisa kopo lenye punje za mahindi aone kama atageuka. Majibu aliyaandika pembezoni mwa fomu, na fomu zikarudishwa kutoka juu na maneno ya wino mwekundu, "Jaza kisanduku kimoja, usiandike pembeni."

Mwaka 1994 aliletewa Daimu, mtoto wa miaka saba wa Kassimu, mkulima wa korosho wa Nalasi, mtoto aliyekuja kuishi na shangazi yake hapa Mjimwema, ambaye shule ilimkataa kwa kuwa hasemi, na shangazi tayari alikuwa amepata fundi wa kumkata udata, ule utando unaoushika ulimi kwa chini. Siku hiyo Makarius alikuwa ametoka safari ya Lubumbashi, akajitolea kusaidia, akamsemesha mtoto kwa Kiyao cha kwao, Kibemba, Kinyanja na Kilingala, asijibiwe hata kwa kikohozi, akatangaza kwamba huyu ni bubu kamili. Marehemu akamwambia, "Lugha nne, mdogo wangu, na zote umezisema ukiwa umempa mgongo, unatafuta kiberiti." Alimgeuza mtoto, akainama uso kwa uso, akamwonyesha yai, na Daimu akalitaja, kwa sauti nzito iliyokosa mwisho wa neno, lakini akalitaja. Masikio yake yalikuwa yameharibiwa na usaha wa miaka mingi, ulimi haukuwa na kosa lolote, na alichohitaji ni kuketi dawati la mbele na mwalimu anayemtazama anaposema.

Kupata dawati hilo kumechukua miaka minne, na bado. Shule ilitaka barua ya ofisi ya elimu, ofisi ikataka barua ya mtaalamu, hospitali ikasema mtaalamu hakuna mkoa mzima, na marehemu aliporudi na cheti chake cha Dar es Salaam akaambiwa, "Mama, wiki tatu si utaalamu." Tarehe 30 Juni 1995 likaja lile zoezi la kupunguza wafanyakazi, na orodha ilikuwa na nafasi ya mpishi, ya dereva na ya mfagizi, haikuwa na nafasi ya mtu wa kusikiliza watoto wanavyosema, basi akapunguzwa. Alihamishia kopo lake barazani kwake, akaendelea kila asubuhi na Daimu, ambaye leo anataja vitu vyote vya nyumba ile, na anamtania Makarius kwa Kiyao kuhusu kitambi chake.

Novemba 1997 marehemu alianza kuumwa tumbo, ikaonekana ni saratani, na hata hivyo Januari mwaka huu alikwenda tena ofisi ya elimu kwa miguu, akapumzika njiani mara tatu, akajibiwa arudi na mtaalamu. Alifariki Jumanne tarehe 9 Juni 1998, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka hamsini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliobeba maji na kuni, wenzake wa kliniki, na maofisa wa elimu tunaowaona pale nyuma, karibuni, viti vipo. Dada, umesikiliza sana, sasa nyamaza upumzike, Mungu akupokee.

Ilikuwa ifuate sentensi moja zaidi, ile ya kawaida, kwamba marehemu ameondoka akiwa amewasamehe wote waliomkwaza, na Makarius aliiandika mapema, akamsomea Jumapili ili airidhie. Marehemu alifungua macho akasema, "Futa hiyo. Shule zinafunguliwa Julai, Daimu aingie darasani kwanza."