Kibuyu cha Waliozunguka Dunia

Giza lilikuwa linaanza kuingia tulipotoka Silibwet kwa gari la abiria aina ya Probox kwenda Bomet. Mama mmoja wa Kipsigis alikuwa amepakata kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, kama mtoto mchanga. Akamwambia mwuza ndizi aliyekaa kando yake, "Leo ile stesheni ya angani inapita. Binti yangu ameangalia kwa simu. Nitaiinulia hiki kibuyu."

"Maziwa ya nini, mama? Hiyo kitu haishuki."

"Mkimbiaji wetu akitoka ng'ambo tunampokea na mursik. Hao watu walio ndani yake wamezunguka dunia tangu asubuhi, bado hawajachoka. Niwanyime?"

Mwuza ndizi akacheka. "Basi ujue inatokea upande wetu, Kisii. Nyinyi mnapokea wageni ambao sisi tumeshasalimia."

"Huko kwenu inatoka ikiwa hafifu, kama taa ya koroboi. Ikifika hapa juu ya Bomet ndiyo inawaka sawasawa. Halafu inazimika kabla ya kufika Narok." Aliitaja Narok kwa sauti ya kutoa pole.

"Inawaka kwa sababu imepitia kwetu ikashiba ndizi," mwenzake akajibu. Mimi ni wa Litein. Hakuna aliyeitaja Litein, na iliniuma kidogo.

Dereva akasimamisha gari kando ya shamba la chai na kuzima taa.

"Mimi ni wa Narok," akasema. "Shukeni nyote. Leo tutaona inazimikia wapi."